“Mmeelewa?”: Swali Lisilopima Kitu

Nataka kulipima swali moja ambalo husikika katika madarasa mengi ya Kiingereza, kuanzia hapa Majengo hata Kongwa na Mpwapwa. Mwalimu ameeleza neno jipya au kanuni ya sarufi, akiisha, awageukia watoto na kuwauliza, “Mmeelewa?” au kwa Kiingereza, “Do you understand?” Nao huitika wote kwa sauti moja, “Yes, teacher!” Hapo mwalimu hufuta ubao, akaendelea na somo jingine. Swali hilo halina ubaya wa adabu, wala aliulizaye si mvivu. Lakini kwa kazi ya kupima akili za watoto halifai, tena laleta hasara.

Tulitazame kwanza jibu lenyewe. Mtoto wa kwanza asema “ndiyo” kwa sababu ameelewa kweli. Wa pili adhani ameelewa, kumbe ameshika maana nyingine. Wa tatu ajua ya kuwa hakuelewa, lakini aona haya kuchekwa na wenzake. Wa nne amefunzwa ya kwamba kumwambia mkubwa “sikuelewa” ni kama kumwambia “hukueleza vema”, basi aitikia kwa heshima. Wote wanne wametoa neno lile lile. Je, mwalimu atawatenganisha kwa njia gani? Mnunuzi katika soko la Majengo hamwulizi mwuza mchele, “Kilo imetimia?” akaridhika kwa kuitikiwa, hutazama mizani.

Tena liko jambo la lugha zenyewe ambalo wengi hawaliangalii. Kwa Kiswahili mtu akiulizwa, “Hukuelewa?” naye akajibu “Ndiyo”, maana yake ni “Ndiyo, sikuelewa”, ameyakubali maneno ya mwulizaji. Kwa Kiingereza sivyo. Asiyeelewa hujibu “No”, na akisema “Yes” amesema ya kuwa ameelewa. Basi mwalimu akiuliza, “Didn’t you understand?” na darasa likajibu “Yes”, yamkini watoto wamekiri kwa uaminifu ya kwamba hawakuelewa, naye amesikia kinyume, akaenda zake kwa furaha.

Wako walimu waliokwisha kuliacha swali hilo, nao huuliza maswali juu ya habari iliyosomwa. Hilo ni jema, lakini nalo lina mtego wake. Tazameni maneno haya: “Juma aliguzusha mkwejo jana.” Nani aliguzusha mkwejo? Juma. Aliguzusha nini? Mkwejo. Lini? Jana. Umejibu maswali matatu sawasawa, nawe hujui kuguzusha ni kufanya nini wala mkwejo ni kitu gani, maana nimeyabuni maneno hayo mwenyewe. Hivyo ndivyo afanyavyo mtoto na kitabu chake cha Kiingereza. Huyachukua maneno ya swali, huyatafuta katika habari, akayanakili yaliyo jirani nayo. Hupata alama zote, na madaftari yaliyojaa alama za kupata hutudanganya sisi na wazazi wake.

Swali lipimalo ni lile ambalo mtoto hawezi kulijibu ila awe ameshika maana. Nitatoa mifano mitatu. Wa kwanza ni huu: “I used to live in Kongwa.” Watoto wengi huona neno “used” wakafikiri habari ni ya kutumia kitu. Mwalimu asiulize kama wameelewa, bali aulize hivi: Je, msemaji anakaa Kongwa sasa? Alikaa huko zamani? Alikaa siku moja tu, au muda mrefu? Majibu ni mafupi, nayo yakitoka “hapana, ndiyo, muda mrefu”, maana imeingia. Yakitoka vingine, mwalimu amejua mahali hasa palipovunjika.

Mfano wa pili: “The sack is too heavy.” Mtoto husikia “mzito sana” akadhani yatosha. Lakini “very heavy” na “too heavy” si mamoja. Mwalimu aulize: Mchukuzi ataweza kuubeba? Gunia lililo “very heavy” huenda akalibeba kwa shida. Lililo “too heavy” limemshinda, itampasa kupunguza au kutafuta mkokoteni. Swali moja tu limefafanua yale ambayo maelezo ya robo saa hayakuyafafanua.

Mfano wa tatu ni “borrow” na “lend”. Katika Kiswahili chetu neno kuazima hutumika pande zote mbili, kwa atoaye na kwa apokeaye, ndiyo sababu watoto husema, “Borrow me your pen.” Aulizwe mtoto: Kalamu ni ya nani? Nani atairudisha? Kwa maswali hayo kosa hujitokeza lenyewe, wala hapana haja ya kumkaripia mtu.

Kanuni za maswali haya ni chache. Neno jipya linalopimwa lisitumike katika swali, maana huwezi kulipima kwa lenyewe. Maneno ya swali yawe mepesi kuliko yale yaliyofundishwa. Jibu liwe fupi, ili mtoto asishindwe kwa kukosa maneno hali maana anayo. Tena mwalimu ayaandae nyumbani, kwa sababu swali zuri ni gumu kulibuni papo hapo mbele ya darasa.

Najua baadhi ya walimu wenzangu watasema, “Darasa langu lina watoto wengi mno, nitawauliza wote lini?” Hoja hiyo ina uzito, lakini jawabu lipo. Wote waandike jibu kwa neno moja katika kipande cha karatasi, wakiinue pamoja. Au wafumbe macho, na wenye kusema “ndiyo” wainue mkono wa kuume, wenye kusema “hapana” wa kushoto. Kwa dakika moja umeona darasa zima, wala hakuna aliyemfuata mwenzake. Wengine watasema, “Muhtasari ni mrefu, tutachelewa.” Lakini kama mwalimu ndiye aliyefika mwisho wa kitabu na watoto wamebaki ukurasa wa kumi, aliyemaliza ni mwalimu peke yake.

Tena ziko shule zinazokataza Kiswahili kabisa katika somo la Kiingereza. Sikubaliani nazo. Mtoto azoezwe Kiingereza, naam. Lakini akikatazwa lugha pekee aiwezayo, atanyamaza, na ukimya wake hautaonyesha kama amejua au hajajua. Mwaka 2007 Birgit Brock-Utne aliandika juu ya madarasa ya sekondari hapa Tanzania, akionyesha jinsi wanafunzi walivyochangamka na kusema walipofundishwa kwa Kiswahili, na walivyokuwa kimya kwa Kiingereza. Swali moja la kupima kwa Kiswahili halitaua Kiingereza cha mtoto.

Jambo hili si dogo kwetu. Tangu mwaka 1967 Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali, na Kiingereza ni somo tu. Kisha mtoto akiingia sekondari hukuta karibu masomo yote ni kwa Kiingereza. Mwaka 1984 Clive Criper na William Dodd waliuchunguza ufundishaji wa Kiingereza nchini, wakaona ya kuwa wanafunzi wengi wa sekondari hawakuwa nacho cha kutosha kujifunzia masomo mengine. Mwaka 2010 watafiti wa Uwezo walikwenda nyumba kwa nyumba katika wilaya nyingi. Hawakuwauliza watoto, “Unajua kusoma?” bali waliwapa hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili waisome. Kwa Kiingereza, karibu nusu ya waliomaliza shule ya msingi hawakuweza. Naamini wengi wao walikwisha kuitika “Yes, teacher” mara elfu.

Nanyi wazazi, msidhani neno hili ni la walimu tu. Mzazi asiyejua hata neno moja la Kiingereza aweza kumpima mwanawe. Jioni, kabla ya chakula, mwambie afungue daftari, asome mistari mitatu, kisha akueleze kwa Kiswahili au kwa Kigogo mambo yaliyomo. Akisoma kwa mbio halafu akashindwa kueleza, usimpige wala usimcheke. Mpe jina la somo na ukurasa uliomshinda, aende nalo kesho kwa mwalimu wake. Na mwalimu mwenye busara atampokea kwa shukrani, maana ameletewa habari ambayo “Yes, teacher” ilikuwa imeificha.