Heko, Vijana wa Lugazi

Sisi wa Mbale, chini ya mlima Wanale, tumekulia kwenye kandanda. Besiboli tuliijia ukubwani. Waliotuvuta ni watoto wa Lugazi, mji wa miwa ulio kwenye barabara ya Kampala kwenda Jinja. Mwaka 2012 wakawa timu ya kwanza ya Afrika kucheza mashindano ya dunia ya Little League, ligi ya besiboli ya watoto, huko Williamsport, Marekani, wakaichapa timu ya Oregon 3-2. Mwaka uliotangulia vijana wa Kampala walifuzu, wakanyimwa viza. Hilo bado linauma.

Uwanja wa Lamade, wa mashindano hayo ya Williamsport, naupenda kwa kilima chake: watoto huteleza nyasini juu ya vipande vya maboksi, mchezo ukiendelea. Ila mapenzi yangu yako Mpigi, alikojenga viwanja Mmarekani Richard Stanley. Mrushaji anapangusa kiganja kwenye suruali, kisha mpira unatua kwenye glavu, paa! Nasi Mbale tunataka kiwanja.