Uzi Ndani ya Kifundo cha Tua Tagovailoa
Desemba 1, 2018, katika fainali ya SEC, ligi ya vyuo vikuu ya futiboli ya Marekani, dhidi ya Georgia, Tua Tagovailoa, kwatabeki wa Chuo Kikuu cha Alabama, alitolewa akichechemea baada ya kukanyagwa mguu wa kushoto na mwenzake wa safu ya mbele. Kesho yake alifanyiwa upasuaji. Siku ya 27 alikuwa uwanjani tena: pasi 24 kati ya 27 zilifika, na Oklahoma ikalala 45-34.

Kuteguka kwa kifundo chake si kule tulikokuzoea, unyayo unapopinda kwa ndani na kano za ubavuni zikavutika. Hapa unyayo hunasa chini, mguu ukazungushwa, na kano zinazofunga pamoja mifupa miwili ya muundi, juu kidogo ya kifundo, zikaachia. Mifupa ikishaachana, kila hatua huitanua. Dawa yake ilikuwa kutoboa tundu jembamba kupitia mifupa yote miwili, kupitisha uzi imara wenye kitufe cha chuma kila upande, kisha kuukaza. Skrubu huikaza mifupa isicheze kabisa. Uzi huiachia icheze kidogo, kama ilivyoumbwa.

Oktoba 2019, dhidi ya Tennessee, ikawa zamu ya kifundo cha kulia. Upasuaji ukawa uleule. Siku 20 baadaye alirusha pasi za jumla ya yadi 418 dhidi ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana (LSU), ingawa Alabama ilifungwa 46-41.

Upasuaji huo ni kazi ya kusifiwa. Ninachohofia ni kijana wa chuo kuamini kwamba kurudi haraka ndiko kupona. Uzi hushika mifupa. Hauurudishii mguu hisia ya kujua umekanyagaje. Hisia hiyo huharibika kano inapochanika, hata katika kuteguka kwa kawaida, ndiyo maana kifundo kilichowahi kuteguka huwa rahisi kuteguka tena. Uzito nao huchochea. Utafiti wa 2006 kwa wachezaji wa futiboli wa sekondari Marekani ulionyesha kwamba mnene aliyewahi kuteguka alikuwa na hatari mara 19 ya mwenye uzito wa kawaida asiyewahi, kwa majeraha yasiyotokana na kugongana.

Kocha, kabla hujamrudisha mchezaji wako, mvue viatu. Asimame kwa mguu ulioumia, afumbe macho, kisha abadilishe mguu. Akiyumba zaidi upande ulioumia, usimpange Jumamosi hii.