Neno la Mnyonge na Gitaa la Remmy

 

Ndugu msomaji, kila Jumamosi mimi hutoka Kisarawe kwenda Kibaha kusomesha darsa baada ya sala ya alasiri. Katika darsa moja ya karibuni tulikuwa tukizungumza juu ya kuamrishana mema na kukatazana maovu. Kijana mmoja, fundi wa pikipiki pale Mailimoja, akanyanyua mkono akasema: "Sheikh, baba yangu ana kanda za Remmy Ongala. Mle nimesikia habari ya mnyonge kunyimwa haki yake, na habari ya watu wenye ndimi mbili. Msikitini nasali tangu utoto, na mambo hayo nimeyasikia mara chache sana. Kwa nini?"

Wenziwe walicheka, na mzee mmoja akamwambia aombe radhi. Mimi sikucheka. Nilimwambia kuwa swali lake ni zito na nitamjibu kwa maandishi. Jibu lenyewe ndilo hili, nami nalileta kwenu wenye nyumba, kwani kanda zile leo zimo katika simu za watoto wenu.

Kwanza nitoe dukuduku la mwenye kudhani kuwa nimekuja kuhalalisha dansi. Sikuja kwa hilo. Wanazuoni wengi wa madhehebu yetu wamezikataza ala za nyuzi, na wachache wamelegeza. Imamu Ghazali katika Ihya amelieleza jambo la usikilizaji kwa mapana, akamtazama mwimbaji, ala, maneno na msikilizaji, kila kimoja kwa hukumu yake. Ama ukumbi wa pombe, wanaume na wanawake wamechanganyika mpaka alfajiri, huo hauna khitilafu. Nimekuja kuyapima maneno, kwani neno hupimwa kwa mizani ya haki hata likitoka katika kinywa tusichokipenda.

MTU NA BENDI YAKE

Jina lake kamili lilikuwa Ramadhani Mtoro Ongala. Angalia majina hayo, ndugu msomaji. Ukisimama sokoni Kisarawe ukaita "Ramadhani!" au "Mtoro!" watageuka watu watano. Alizaliwa mwaka 1947 Kindu, katika Kongo iliyokuwa chini ya Wabelgiji, katika nchi ya Maniema ambako Kiswahili na Uislamu vilifika pamoja na misafara iliyotoka pwani hii yetu. Alifiwa na wazazi wake angali kijana, na gitaa likawa ndilo riziki yake.

Mwaka 1978 alikuja Dar es Salaam akaingia katika bendi ya Orchestra Makassy. Miaka ya 1980 ilipoanza, bendi hiyo ilihamia Nairobi, naye akajiunga na Orchestra Matimila, ambayo baadaye ilijulikana kwa jina la Super Matimila. Mtindo wake aliuita Ubongo Beat, yaani muziki wa kukifikisha kitu kichwani, si miguuni tu. Watu walimpa jina la Dokta. Mwaka 1988 alipanda na bendi yake katika tamasha la WOMAD huko Uingereza, na mwaka 1989 wakarekodi huko santuri iliyopewa jina la nyimbo za maskini. Mwaka 1992 ikafuata nyingine, iitwayo Mambo. Baadaye maradhi yalimdhoofisha. Akaacha dansi, akaokoka kwa namna ya Wakristo na kuimba nyimbo za Injili. Alifariki Dar es Salaam tarehe 13 Desemba, 2010. Hata leo kituo cha basi cha Sinza karibu na alipokuwa akikaa huitwa kwa jina lake.

ZAMA ALIZOSEMA

Huwezi kupima neno la mtu mpaka ujue lilisemwa lini. Sisi tuliokuwa vijana wakati ule tunakumbuka. Vita vya Kagera vilikwisha mwaka 1979 vikaiacha hazina tupu. Sabuni ilipangiwa foleni, sukari ikapimwa kwa kikombe, na mama zetu wa Maneromango walifulia majivu. Mwaka 1983 ikaja operesheni ya wahujumu uchumi. Mwaka 1985 Mwalimu Nyerere akang'atuka, akashika Mzee Ali Hassan Mwinyi, mzaliwa wa Kivure upande wetu huu wa Pwani. Milango ya biashara ikafunguliwa, bidhaa zikaonekana madukani, na mtu mnyonge akasimama nje ya kioo akizitazama.

Redio ilikuwa moja tu, Radio Tanzania Dar es Salaam, mpaka redio za watu binafsi zilipoanza mwaka 1994. Bendi zilirekodi katika studio ya redio hiyo, na maneno ya nyimbo yalikaguliwa kabla ya kupita. Tena bendi nyingi kubwa zilikuwa mali ya mashirika ya umma. NUTA Jazz iliundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana wa chama kilichotawala. Mwanamuziki mwenye mshahara wa shirika alijua upande gani wa mkate wake una siagi, akaimba mapenzi, au akaisifu siasa. Sina haja ya kuwalaumu. Walikuwa na watoto wa kulisha.

Katika mazingira hayo mtu mgeni, aliyekuja nchini kutafuta riziki, ambaye angeweza kuambiwa siku yoyote arudi kwao, alisimama akaimba kuwa mnyonge hana haki. Jina la wimbo ni hilohilo, Mnyonge Hana Haki. Mtume wetu ametufunza kuwa katika jihadi zilizo bora kabisa ni kusema neno la haki mbele ya mtawala anayedhulumu. Sisemi kwamba Remmy alikuwa mujahidi. Nasema kwamba kitu tulichofunzwa sisi, tuliona kikifanywa na mwingine.

ALIPOPATIA

Alipatia katika mambo matatu.

La kwanza ni lugha. Hakuimba Kiswahili cha kujionyesha. Alisema kama muuza kahawa anavyosema na mteja wake, akahadithia kisa, akauliza swali, akacheka kidogo, kisha akachoma. Mzee asiyejua kusoma alimwelewa, na mkubwa aliyekusudiwa alimwelewa pia. Wengi katika sisi masheikh hutoa khutba ambayo nusu yake haifahamiki hata na waadhini.

La pili ni kuwa alijihesabu mmoja wa wanyonge. Hakuwasikitikia kutoka juu. Alijiita mwenye sura mbaya kabla watu hawajamwita. Mtu akianza kwa kujishusha, wasikilizaji humpa masikio.

La tatu ni kuyataja mauti katikati ya starehe. Wimbo wake Kifo ulipigwa mahali ambapo watu huenda ili wasahau kufa. Mcheza dansi alikuwa na chupa mkononi, na huku anakumbushwa kaburi. Ni ajabu, lakini ndivyo ilivyokuwa.

ALIPOKOSEA

Ama makosa yake si madogo, na insafu haimruhusu mtu kuyafunika.

Katika wimbo huohuo wa Kifo analalamika kana kwamba kifo ni adui mwenye shauri lake mwenyewe. Sisi tumefunzwa kuwa Malaika wa mauti ni mtumwa aliyetumwa, na saa yake haitangulii wala haichelewi. Huzuni ni halali. Mtume mwenyewe alimlilia mwanawe Ibrahim. Lakini huzuni isiyo na Mola wa kuiegemea humwacha mtu na machozi tu, na asubuhi yake hurudi palepale.

Tena mnyonge aliambiwa kuwa ananyonywa, lakini wimbo haukumwambia asimame wapi kesho. Qur'ani nayo humtaja yatima na maskini, kisha huwawekea haki katika mali ya tajiri, ikafaradhisha Zaka, ikaharimisha riba na kupunja mizani. Kilio bila hukumu ni nusu ya kazi. Na nusu hiyo ilitolewa ukumbini, ambako baba mwenye nyumba aliliwa mshahara wake, akarudi usiku akiimba habari ya wanyonge ilhali mnyonge wa kwanza, mkewe, amelala na njaa.

Kisha ukaja wimbo wa Mambo kwa Soksi, miaka ya 1990 ilipoanza. Soksi aliyokusudia ni mpira wa kinga, na wimbo uliwahimiza watu wautumie wasipatwe na UKIMWI. Redio ya taifa ilikataa kuupiga, na mashekhe na mapadri, kwa mara moja, tulikubaliana kuulaani. Hoja yetu ilikuwa kwamba kumfundisha kijana njia ya salama ya kuzini ni kumfungulia mlango wa zinaa. Hoja hiyo naishika mpaka leo.

Lakini hapa, ndugu msomaji, kalamu yanitetemeka.

SISI TULIKUWA WAPI?

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Mkoa wa Kagera mwaka 1983. Miaka michache baadaye maradhi yalikwisha fika kila kituo cha malori, na Kibaha ipo juu ya barabara kuu ya Morogoro. Mwaka 1991 nilikuwa mwalimu kijana wa chuo hapa Kisarawe. Tulimwosha utingo mmoja aliyekuwa akisafiri na malori ya Kibaha. Mwili wake ulikuwa mwepesi kama wa mtoto. Wote tuliomwosha tulijua, na mganga wa zahanati alikwisha tunong'oneza. Nje, watu walisema karogwa, nasi tukanyamaza, tukidhani kuwa tunamsitiri maiti.

Ijumaa iliyofuata nilipewa mimbari. Nilikhutubu juu ya fadhila za mwezi wa Rajabu. Mjane wake alikuwa nyuma ya pazia akisikiliza. Alikuwa na haki ya kuambiwa, wala hakuambiwa. Miaka miwili baadaye tulimzika naye, akaacha yatima wawili. Sisemi kuwa khutba moja ingemponya. Nasema kuwa katika mji mzima, aliyelitaja gonjwa lile kwa sauti ya kusikika alikuwa mpiga gitaa, katika kanda iliyopita mkono kwa mkono, na sisi wenye tiba iliyo bora kuliko yake, yaani ndoa, uaminifu na kujizuia, tulikaa nayo mifukoni. Nilimlaani Remmy kwa kutoa dawa mbaya. Yangu sikuitoa.

Ndiyo maana swali la fundi wa pikipiki lilinichoma. Neno la haki halikai bila ya mwenyewe. Mimbari ikiliacha, litaokotwa na mwingine, nalo litavaa nguo za aliyeliokota. Huyu alilivisha dansi.

SHAIRI SI GENI KWETU

Wala tusiseme kwamba kazi hiyo haikuwa yetu. Mwishoni mwa Suratu Shuaraa, Mwenyezi Mungu amewalaumu washairi, kisha akawatoa katika lawama wale walioamini, wakatenda mema, wakamkumbuka Mola wao kwa wingi, na wakajitetea walipodhulumiwa. Mtume alikuwa na mshairi wake, Hassan bin Thabit. Katika pwani yetu Muyaka bin Haji wa Mombasa aliyatia mashairini mambo ya utawala wa zama zake, na watu wakayahifadhi. Na huko Lamu, katika miaka ya 1970, Ustadh Mahmoud Abdulkadir, aliye imamu na mjulikanaye kwa jina la Ustadh Mau, alitunga mashairi ya siasa ya Kimwondo yaliyozunguka mji kwa kanda za kaseti, chombo kilekile kilichombeba Remmy. Hakuhitaji ukumbi wala chupa.

NASAHA

Basi kwa baba wa yule kijana: kanda zako zisikufanye uone kuwa ukumbi ni madrasa. Chukua neno, uache mahali lilipotoka. Kwa wenye nyumba: mkimsikia mtoto anaimba habari ya dhuluma, msimpige kofi kwanza. Mwulizeni nani amedhulumiwa, kisha mwonyesheni Suratul Maun.

Na kwa masheikh wenzangu, neno zito zaidi. Vijana wa Kibaha na Kisarawe leo wana dhuluma zao: ardhi iuzwayo mara mbili, kibarua asiyelipwa, mjane anyang'anywaye nyumba kabla eda haijaisha. Wapo waimbaji wapya tayari kuyasema. Ijumaa ijayo mtakhutubu juu ya nini?

Ama Ramadhani Mtoro Ongala amekwisha kwenda mbele ya Hakimu wa haki, nasi tumekatazwa kuwatukana waliotangulia. Jina peke yake halimfanyi mtu kuwa Mwislamu, nami sina hukumu juu yake. Lakini miaka ile alipougua, alitafuta faraja na kuipata kanisani, na kutoka Kisarawe hadi Sinza si safari. Mimi sikwenda hata siku moja kumjulia hali. Nilimjua kwa nyimbo zake, nikamhutubia kwa lawama, na mlango wake sikuubisha.

Mwenyezi Mungu atusamehe kunyamaza kwetu, na atupe ulimi wa haki pamoja na adabu yake. Amin.