Utambulisho Usio na Nembo: Tahakiki ya Mabango ya Filamu ya ICAIC, Havana, 1960–1970

Mijadala ya usanifu kuhusu vilabu vya filamu ina mazoea ya kuanzia kwenye nembo. Nembo ikishapatikana, hufuata rangi rasmi na aina za herufi, na bango huja mwisho kama mahali pa kuyabandika yote yaliyokwisha kuamuliwa. Mabango yaliyochapishwa Havana katika muongo wa 1960 yanaupinga mpangilio huo. Yalisanifiwa na watu wengi wenye mikono tofauti, wala hayakushikamana na rangi moja au herufi za aina moja. Hata hivyo, anayeyafahamu machache huweza kulitambua jingine la jamii hiyo hata akiwa mbali nalo. Suala la tahakiki hii ni chanzo cha utambulisho huo na gharama yake.

Taasisi ya filamu ya Kuba, ICAIC, iliundwa kwa sheria ya Machi 1959. Hiki kilikuwa chombo cha dola, si kilabu kwa maana kamili ya neno. Lakini Alfredo Guevara, Tomás Gutiérrez Alea na Julio García Espinosa, waliokuwa miongoni mwa waasisi wake, walitokea Nuestro Tiempo, jumuiya ya utamaduni iliyoanza 1951 na ambayo kutazama na kujadili filamu kulikuwa sehemu ya shughuli zake. Katika mazingira ya aina hiyo filamu haiuzwi tu, bali hutambulishwa: mtu husimama mbele ya wanachama na kueleza kwa nini inafaa kutazamwa. Tabia hiyo ilihamia ICAIC, ikajitokeza wazi zaidi katika Cinemateca de Cuba, iliyoanza 1960 na kufanya kazi ya kilabu cha filamu chini ya paa la serikali.

Ndiyo maana uamuzi mkubwa wa kiusanifu haukuhusu sura ya kitu chochote. Uliamuliwa kwamba filamu, iwe ya Kuba, Japani au Ufaransa, ipewe bango jipya lililosanifiwa hapohapo badala ya lile lililosafiri nayo kutoka kwa msambazaji. Bango lilikuwa na kipimo cha takriban sentimita 76 kwa 51, nalo lilichapwa kwa mkono: wino ulisukumwa kupitia kitambaa kilichotandazwa kwenye fremu, na kila rangi ilihitaji kiolezo chake kilichokatwa kwa kisu. Njia hiyo haivumilii vivuli laini wala nyuso zinazong'aa. Sura ya nyota wa filamu, ambayo ndiyo mtaji mkuu wa mabango ya Hollywood, ilikosa nafasi. Mahali pake palichukuliwa na mabapa ya rangi, wazo moja, na maandishi madogo ya kutaja jina la filamu, nchi, mwongozaji na waigizaji.

Maelezo yanayorudiwa mara nyingi ni kwamba umbo hili lilizaliwa na uhaba, kwani vikwazo vya Marekani vilipunguza karatasi na wino. Maelezo hayo yana ukweli, ila ni ya haraka mno. Uchapaji wa aina hii ulikuwako Kuba tangu miaka ya 1940, ukitumika katika mabango ya uchaguzi. Isitoshe, uhaba uleule ungeweza kuzaa nakala hafifu za mabango ya kigeni, jambo ambalo ni la kawaida duniani kote. Uhaba uliweka mipaka. Kuigeuza mipaka hiyo kuwa lugha kulihitaji uamuzi wa watu. Bango la Eduardo Muñoz Bachs la *Historias de la Revolución* (1960), la René Azcuy la *Besos robados* (1970) na la Raúl Martínez la *Lucía* (1968) hayafanani kwa mtindo. La kwanza limetoka kwa mchoraji, la pili limejengwa juu ya picha ya kamera, la tatu lina rangi kali za sanaa ya pop. Kinachoyaunganisha ni kanuni za utengenezaji, na kanuni hizo zimefanya kazi ambayo kwingineko huachiwa nembo.

Katika makala yake ya 1964 kuhusu balagha ya picha, Roland Barthes alieleza jinsi maandishi yanavyoitia picha nanga, yaani yanavyoizuia isielee kati ya maana nyingi. Mabango ya Havana yanailegeza nanga hiyo kwa makusudi. Azcuy, akiitangaza filamu ya François Truffaut, anatumia ukinzani mkali wa nyeusi na nyeupe, kisha anaruhusu wekundu mdogo mdomoni. Hakuna kisa kinachosimuliwa wala wapenzi waliokumbatiana. Jina la filamu, lenye maana ya mabusu yaliyoibwa, linaielekeza picha kidogo tu, na mtazamaji analazimika kuimalizia mwenyewe. Kama kazi ya sanaa, ni vigumu kulitia dosari.

Kama mwaliko, dosari ipo. Bango hilo linamfaa mkazi wa jiji aliyekwisha kuzoea sinema na kutegeana vitendawili na picha. Mwaka 1967 Octavio Cortázar alitengeneza filamu fupi ya hali halisi, *Por primera vez*, kuhusu gari la sinema lililofika Los Mulos, katika milima ya mashariki ya Kuba, na kuwaonyesha wanakijiji *Modern Times* ya Charlie Chaplin. Wanaulizwa sinema ni nini, nao wanajibu kwa kubahatisha, kwa kuwa hawajawahi kuiona. Mbele ya hadhira hiyo, fumbo la Azcuy lingekuwa ukuta. Muñoz Bachs, aliyelisanifu bango la filamu hiyo ya Cortázar, alimtumia Chaplin mwenyewe: umbo ambalo asiyemjua atalipenda na anayemjua atalitambua. Wahakiki wengi hulipa heshima zaidi bango la Azcuy. Kwa kigezo cha kilabu, ambacho ni kuongeza watu ukumbini, Muñoz Bachs ndiye aliyelielewa jukumu kwa ukamilifu. Wepesi wake umedharauliwa isivyostahili, labda kwa sababu unachekesha.

Lipo pia jambo ambalo uzuri wa mabango haya huelekea kulifunika. Mwaka 1961 filamu fupi *PM*, ya Sabá Cabrera Infante na Orlando Jiménez Leal, iliyoonyesha maisha ya usiku ya Havana, ilizuiwa kuonyeshwa kufuatia uamuzi uliotoka ICAIC. Taasisi iliyomwachia msanifu uhuru mkubwa wa umbo ndiyo hiyo iliyokuwa na mamlaka ya kuamua ni filamu ipi iufikie umma. Hivyo aina nyingi za mitindo kwenye kuta za jiji si ushahidi wa upana wa yaliyoruhusiwa ukumbini. Mhakiki anayesoma uhuru wa nyumba nzima katika uhuru wa msanifu anasoma kile ambacho bango lilitaka kisomwe. Katika hilo mabango haya yalifanya kazi ya utambulisho kwa ufanisi kuliko inavyokiriwa: yaliipa taasisi sura ya wingi na ukarimu.

Athari yake kwa vilabu vya leo inaonekana katika kuiga. Mabapa ya rangi, kingo za kukata na maandishi yaliyobanwa chini sasa hupatikana kwa dakika chache kwenye kompyuta, na vilabu vingi huyachukua kama mtindo. Mpaka uliozaa mtindo huo haupo tena, kwani kuongeza rangi ya kumi hakumgharimu mtu kiolezo cha kumi. Matokeo yake ni mabango yanayofanana na ya Havana kwa ngozi tu. Kilabu kinachotaka kufuata mfano huo kwa dhati kingeanza kwa kuchagua vizuizi vyake chenyewe, pengine mashine moja ya kunakili, wino mmoja na karatasi ya kipimo kimoja, kisha kiwape wasanifu tofauti filamu tofauti bila kuwaonyesha nembo yoyote.