Aibu ya Mwitikiaji

Sisi watunzi wa vina na mizani tulioko Rahaleo, Mtwara, tuliharakisha kuziita nyimbo za kufokafoka uhuni. Hukumu hiyo haikuwa ya haki. Natuutazame wimbo "Ndio Mzee" wa Professor Jay, uliomo katika albamu yake ya mwaka 2001, *Machozi Jasho na Damu*. Mgombea amwaga ahadi zisizotimizika. Umati waitikia kwa kukubali. Katika ngonjera za Mathias Mnyampala, asiyejua hubisha na mjuzi humwelimisha mpaka akaridhika. Hapa hakuna abishaye. Basi aibu haimwangukii mwongo peke yake. Yamwangukia na mwitikiaji. Mwalimu aufundishaye wimbo huu asiishie kwenye kicheko. Awaulize wanafunzi: je, kiitikio hicho si sauti yetu wenyewe?