Fundo la Behewa la Tatu

Aliyeiangusha treni ya darasa la tatu, ile ya watoto waliovaa maboksi, ni yule aliyefunga kamba, na wala tusitafutane. Mliokuwepo uwanjani Siku ya Mtoto wa Afrika mliona wenyewe: kichwa kilikata kona mbele ya meza kuu, behewa la kwanza likafuata, la pili likapinda nusu, la tatu likalala kifudifudi na kuyazoa yote ya nyuma. Shule siitaji, mwakani nataka wanialike tena.

Maboksi yalikatwa vizuri, rangi ya maji ilipakwa nyepesi nyepesi bila kuyalainisha, na magurudumu ya vifuniko vya ndoo yalikaa sawasawa. Sifa zimeishia hapo.

Sasa kamba. Mtu mzima, tena mwenye akili zake, aliunganisha mabehewa sita kwa kamba ya katani, fupi, imekazwa, kiuno cha huyu hadi kiuno cha yule. Mombo hii iliyozungukwa na mkonge, nani hajui kwamba katani haivutiki? Kichwa cha treni alikuwa mrefu kuliko wote darasani. Behewa la tatu ni kale katoto kadogo mnakokajua. Kila hatua ndefu ya mbele ilimfikia kiunoni nzima nzima, haikupungua hata kidogo. Ilipofika kona, maboksi yaliyobanana yakaanza kugongana pembe. Treni ya kweli, ile inayopita stesheni yetu kwenye reli iliyofika hapa mwaka 1905, huachiwa nafasi kidogo kati ya behewa na behewa, na magurudumu yake hujigeuza chini kufuata kona. Hii yetu ilinyimwa vyote viwili.

Lakini kilichonikera zaidi ni pale fundo lilipowekwa. Lilifichwa ndani ya boksi ili wageni wasilione. Kwa hiyo matundu ya mikono hayakukatwa, watoto wakaambiwa washikilie kamba humo humo ndani. Mtoto aliyejikwaa hakuwa na mkono wa kujikingia, na mwalimu aliyekimbilia kumfungua alikuta boksi, hakukuta fundo. Tulisubiri kisu kutoka jikoni! Yote hayo kuificha kamba ambayo kila mzazi pale alijua ipo.

Dawa ilikuwa rahisi. Kata matundu ya mikono, shona mkia wa khanga nyuma ya kila boksi, wa nyuma aushike kwa mkono mmoja. Akijikwaa anauachia, basi. Kama lazima mfunge, tumieni ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli, ule ule wa manati, na ufungwe nje kwenye boksi, usifungwe kwenye mwili. Hata joka la ngoma la Wachina hubebwa na watu wengi, kila mmoja na fimbo yake. Hakuna aliyefungwa kwa mwenzake, na joka linapinda litakavyo.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Walimu wa halaiki wa zamani, waliokuwa wakiwapanga watoto kwenye sherehe za kitaifa, walipima nafasi kwa mkono ulionyooshwa, wakafundisha hatua hadi zikafanana, kisha ndipo wakaulizia mavazi. Umbo lilitoka miguuni. Siku hizi tunaanza na gundi, mazoezi yanabaki jioni ya mwisho, na mara nyingi bila maboksi yenyewe, eti yasichafuke.

Mtasema narudia, lakini ugonjwa ni ule ule wa joho la chekechea ambao nimeupigia kelele kila msimu wa mahafali: vazi linakatiwa picha, halafu mtoto anatafutwa wa kuingia humo.

Na zawadi ya ubunifu siku ile ikaenda kwa nani? Kwa mtoto aliyevaa kama rubani, mwenye sare ya kukodi kutoka Dar es Salaam, imepigwa pasi hadi kola. Wangempa mzazi wake tu, ndiye aliyelipa.