Wimbo Ndio Saa: Jogingi ya Watu Wazima Ilivyotengenezwa

Mwishoni mwa 1962, Bill Bowerman, kocha wa riadha wa Chuo Kikuu cha Oregon nchini Marekani, alifika New Zealand na vijana wake. Mwaka huohuo walikuwa wamevunja rekodi ya dunia ya kupokezana vijiti, watu wanne kila mmoja maili moja, rekodi iliyokuwa mikononi mwa New Zealand yenyewe. Bowerman alikuwa na miaka 51. Kwa kuwa maisha yake yote yalikuwa uwanjani, alijihesabu kuwa mtu mwenye afya. Mwenyeji wake, kocha Arthur Lydiard, akamwalika kukimbia na kikundi cha watu wa kawaida wa jiji la Auckland. Walipofika kwenye kilima, Bowerman akaachwa. Aliyebaki nyuma pamoja naye alikuwa mzee aliyepita miaka 70, ambaye alikwishapata shambulio la moyo zaidi ya mara moja. Mzee yule alipunguza mwendo kwa ajili ya mgeni, akawa anampigisha gumzo njia nzima. Bowerman hakuwa na pumzi ya kumjibu.

Wengi wanaosimulia kisa hiki huishia kwenye aibu ya kocha. Mimi nataka tukiangalie kama fundi anavyoangalia saa iliyofunguliwa mezani. Mzee mwenye moyo mgonjwa aliwezaje kupanda kilima akizungumza? Nani alimtengenezea mwendo ule, na kwa kanuni gani? Majibu yake yanatufaa sisi tuliovuka arobaini, ambao kila alfajiri tunapitwa barabarani na vijana na kuanza kujiuliza kama bado tunaweza.

Lydiard alikuwa fundi viatu kwa kazi yake. Akiwa kijana aliyejidhania mzima, alitoka kukimbia na mwenzake aliyemzidi umri akachoka vibaya, na tangu hapo akaanza kujifanyia majaribio mwenyewe kwa miaka mingi, akiongeza na kupunguza umbali, akiangalia mwili unajibu nini. Alichogundua ni kwamba kasi hujengwa juu ya msingi, na msingi wenyewe ni kukimbia kwa muda mrefu kwa mwendo usiokata pumzi. Kwa wanariadha wake msingi huo ulifika maili 100 kwa wiki. Tarehe 2 Septemba 1960, katika Olimpiki ya Roma, wawili kati yao walitwaa dhahabu siku moja: Peter Snell katika mita 800 na Murray Halberg katika mita 5,000.

Baadaye kidogo wakamjia wafanyabiashara wa makamo, wenye vitambi, wengine wenye moyo uliokwisha kusumbua. Enzi hizo mgonjwa wa moyo aliambiwa alale na asijichoshe. Lydiard aliwapa kile alichowapa mabingwa, ila akakata sehemu yote ya juu. Aliwaachia msingi akaondoa mazoezi ya kasi, saa na mshindi. Kwa hoja yake, kinachoujenga moyo wa bingwa ndicho kinachoujenga moyo wa mwenye duka. Wanapishana kwa kipimo, lakini dawa ni moja.

Kipimo chenyewe kilikuwa rahisi kiasi kwamba hakikuhitaji kifaa chochote: kimbia kwa mwendo ambao bado unaweza kuzungumza. Ukishindwa kumaliza sentensi, punguza. Ukishindwa tena, tembea.

Watu wengi huchukulia kanuni hii kama ushauri wa upole kwa wanyonge, lakini ni kipimo cha kitaalamu. Misuli ikifanya kazi kwa kiasi, hupata nguvu zake kwa kutumia oksijeni, na kabonidioksaidi inayotokea hutolewa bila shida. Mwendo ukizidi kiwango fulani, asidi huanza kupanda katika damu, kabonidioksaidi huongezeka, na ubongo huamuru mapafu yaheme haraka ili kuitoa. Sasa, kuzungumza ni kutoa pumzi taratibu kwa kuidhibiti. Mtu hawezi kuidhibiti pumzi ileile ambayo mwili unaidai itoke upesi. Ndiyo maana sentensi hukatika katikati. Pale inapokatika ndipo ulipo mpaka wako, wa asubuhi hiyo, kwa usingizi ulioupata, kwa joto lililopo na umri ulio nao.

Hapo kanuni hii inaishinda hata saa ya mkononi. Saa nyingi hukadiria kilele cha mapigo ya moyo kwa kutoa umri kwenye 220. Kwa mtu wa miaka 49, hiyo ni 171. Mwaka 2001 Hirofumi Tanaka na wenzake walipendekeza hesabu nyingine, 208 kutoa asilimia 70 ya umri, na kwa mtu yuleyule jibu linakuwa kama 174. Hesabu zote mbili ni wastani wa watu wengi, na moyo wa mtu mmoja unaweza kutofautiana na wastani huo kwa mapigo 10 au zaidi. Kwa hiyo hata ukikimbia peke yako barabarani, saa inapokuwekea rangi nyekundu inakuwa imekulinganisha na watu usiowajua. Pumzi yako inakupima wewe tu.

Kuna sababu ya pili ya kutoufuata mwendo wa mwingine, na hii huwaangusha wengi wa makamo. Viungo vya mwili havizoei mazoezi kwa mwendo mmoja. Moyo na mapafu huanza kuitikia ndani ya wiki chache: unapanda ngazi bila kuhema, unajisikia mwepesi, unadhani uko tayari. Kano, zile kamba ngumu zinazofunga msuli kwenye mfupa, hupata damu kidogo kuliko msuli na huchukua miezi kuimarika. Katika umri wetu zimepoteza pia sehemu ya mnyumbuko wake. Hivyo hufika wiki ya tano au ya sita pumzi ikakuruhusu kumfuata kijana aliyekupita, na kisigino kikawa hakijaruhusu. Kijana unayemfuata huenda amekuwa akikimbia tangu shule ya msingi. Unachokiona wewe ni mgongo wake, na miaka yake ya maandalizi huioni.

Bowerman aliporudi mjini Eugene mwaka 1963 alianza kuwakaribisha watu wa mtaani kwenye uwanja wa chuo. Wakaja wengi kuliko alivyotarajia, na kila wiki wakaongezeka. Akaingiwa na hofu kwamba mmoja ataanguka afe kwa kutaka kumfikia jirani yake, akasimamisha. Alimtafuta daktari wa moyo, Waldo Harris, wakaanza upya na watu wachache waliopimwa kwanza, waliopangwa kwa hali ya miili yao, wakipishanisha kukimbia na kutembea, siku ya kazi ikifuatwa na siku nyepesi. Mwaka 1967 wawili hao walitoa kitabu, *Jogging*, kilichouzwa nakala zaidi ya milioni moja. Nakiona kile kitendo cha kusimamisha kuwa hatua ya kiufundi iliyo muhimu kuliko zote. Kocha aliyezoea kuwachagua washindi alikubali kwamba kundi la watu wazima likiachwa lijipange lenyewe hugeuka mashindano, hata kama hakuna aliyetangaza mashindano.

Tukirudi kwetu, sisi hatukuanza na kitabu cha mtu. Tuna mchakamchaka. Aliyepita shuleni au jeshini anaukumbuka: alfajiri, mistari miwili, mmoja anaanzisha na wengine wanaitikia, miguu inapiga chini kwa pamoja. Vikundi vya jogingi vya Dar es Salaam vinavyojaza barabara mwisho wa wiki, na jezi zao za rangi moja, ni watoto wa mchakamchaka. Na ndani ya mchakamchaka kile kipimo cha Lydiard kimo tayari, maana anayeimba anazungumza. Kiitikio ni sentensi, na ukikiitika hadi mwisho bila kukatika, mwendo ni wako.

Lakini mchakamchaka una kasoro moja, na inabidi tuiseme waziwazi kwa kuwa tunaupenda. Mwendo wake ni mmoja kwa wote. Shuleni aliyebaki nyuma alifokewa, na kiboko kilikuwa karibu. Tulifundishwa tukiwa wadogo kwamba kuachwa ni uvivu. Mafunzo hayo tunaendelea kuyabeba tukiwa na miaka 45, tukiwa na presha, na magoti ambayo yameketi ofisini miaka 20. Mtu anaacha kuimba kimyakimya ili apate pumzi ya kuufuata mstari, na hakuna anayegundua kwamba sauti moja imepungua.

Mimi niliacha kuimba kwenye Daraja la Tanzanite. Njia yangu huanzia Coco Beach, huvuka daraja hilo lenye urefu wa kilomita moja na kidogo, hadi upande wa Hospitali ya Aga Khan na kurudi. Ilikuwa wiki yangu ya saba. Kijana mmoja alinipita, akageuka kwa heshima zote akasema, "Shikamoo mzee, twende!" Nilimwitikia, nikamfuata. Nilimfuata daraja zima nikitazama soli za raba zake, nyeupe, zikipanda na kushuka. Kesho yake asubuhi nilipoweka mguu chini kutoka kitandani, kisigino kiliniuma kama kimechomwa msumari. Nilikaa wiki tisa bila kukimbia. Mtaalamu wa tiba ya viungo aliyenihudumia aliubonyeza mguu, kisha akauliza swali moja: "Kaka, wakati ule unakimbia, ulikuwa unaweza kuongea?" Kijana yule hana kosa lolote. Alinisalimu tu.

Niliporudi barabarani nilibadilisha mambo matatu. La kwanza, ninaimba, kwa sauti ya chini, wimbo mmoja ule ule wenye beti nne. Ukikatika, natembea mpaka pumzi itulie, kisha naendelea. La pili, daftari langu lina safu tatu tu: dakika nilizokaa barabarani, mahali wimbo ulipokatika, na hali ya kisigino kesho yake asubuhi. Kilomita siziandiki, kwa kuwa nilipoziandika nilizisoma kama matokeo ya mtihani. Mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani ya 2020 yenyewe yanahesabu muda: kwa mtu mzima ni dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani. Hayataji kasi ya kilomita hata moja. La tatu, dakika haziongezeki mpaka safu ya kisigino iwe safi kwa wiki mbili mfululizo. Kano ndiyo inayoamua, moyo unasubiri.

Mwanzoni wimbo ulikatika kabla hata ya kufika darajani. Ukasogea hadi katikati ya daraja, na sasa kuna asubuhi unavuka mzima. Hata hapo nimejifunza kutojilinganisha na nafsi yangu kiholela. Wakati wa kaskazi, jua na unyevu wa Januari hadi Machi hupandisha mapigo ya moyo hata mwendo ukiwa uleule, kwa sababu damu inagawanywa kati ya misuli na ngozi inayotafuta kupoa. Wakati wa kipupwe, Julai, njia ileile inakuwa nyepesi. Anayekimbia Mbeya, au Iten nchini Kenya, hewa yake ina oksijeni pungufu kuliko ya kwetu pwani. Kilomita ya Dar, kilomita ya Mbeya na kilomita ya Iten ni vitu vitatu tofauti, na simu inayoviweka kwenye orodha moja inatudanganya.

Na kwa anayedhani mwendo wa pole ni wa walioshindwa, aende hukohuko Iten, mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Atawaona wakimbiaji wa kimataifa wakianza mbio zao nyepesi za kuupumzisha mwili kwa mwendo ambao mtu wa kawaida angeweza kuufuata kwa dakika kadhaa. Wanajua siku ya kasi ni ipi na siku ya msingi ni ipi, na hawazichanganyi. Sisi wa makamo karibu siku zetu zote ni za msingi, na si hasara.

Hukumu yangu basi ni hii. Kutojilinganisha na wengine huhubiriwa kama tabia njema ya moyo, jambo la kujikaza na kujinyenyekeza. Kwa mkimbiaji wa makamo ni sehemu ya ufundi, kama vile kukaza kamba za raba. Kipimo kisicho chako hukupa mwendo usio wako, na mwendo usio wako kano hulipa.

Viongozi wa vikundi vya jogingi, nawaomba jambo moja. Wagawanyeni watu kwa pumzi, na kila kundi liwe na mwanzilishi wake wa nyimbo. Sikilizeni kiitikio: kikipungua sauti, mwendo umezidi, punguzeni. Na wewe unayetaka kuanza peke yako, kama una presha, kisukari au maumivu ya kifua, onana na daktari kwanza. Kisha kesho alfajiri vaa raba, chagua wimbo unaoujua wote, anza kwa dakika 20. Ukikatika, tembea. Ukipitwa, itikia salamu na uendelee na ubeti wako.